Mwanamke Aliyesoma Ndimi Dirishani

Ukifika kwake ukiwa umeshakunywa chai, alikurudisha nyumbani. Hapakuwa na kubembelezana. Alikutazama mdomo wakati bado unamsalimia, akaona alama ya maziwa pembeni, akasema, "Kesho, Mama. Kesho kabla hujagusa maji." Na wewe ulikuwa umetoka upande wa chini wa mtaa wetu wa Nyalenda, umeruka mitaro, umebeba mtoto mgongoni na viatu mkononi. Ulinung'unika, ukarudi. Kesho yake ulikuja tena, kwa sababu kila mtu alikuja tena.

Tulimwita Mkalimani. Nitaeleza jina hilo lilitoka wapi, lakini sitaeleza alizaliwa wapi wala alikuwa mwana wa nani. Mwenyewe hakupenda kuulizwa, na katika miaka tisa niliyoishi jirani naye sikuona kwamba jibu lingenisaidia kumwelewa. Nilimwelewa kwa kumwona akifanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuangalia ndimi za watu. Kama hujawahi kusikia jambo hilo, usijali. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi na sikuwa nimelisikia pia. Waganga wa Kichina, tangu zamani sana, huamini kwamba ulimi unaonyesha hali ya mwili wa ndani. Ncha ni ya moyo, kando mbili ni za ini, katikati ni ya tumbo, na kule nyuma kunakoelekea kooni ni kwa figo. Wanatazama rangi ya nyama, kama imepauka au imewiva kupita kiasi. Wanatazama umbo, kwa maana kuna ulimi unaovimba mpaka meno yanauchora alama pembeni. Zaidi ya yote wanatazama utando, ule ukungu unaolala juu ya ulimi kila asubuhi. Utando mwembamba mweupe ni wa mtu mwenye afya. Ukiwa mnene, wa njano au wa kahawia, kuna jambo. Ukikosekana kabisa, ulimi ukang'aa kama sakafu iliyopigwa deki, kuna jambo jingine. Sisemi kwamba yote hayo ni kweli. Nasema ndivyo alivyofundishwa, na aliyafuata aliyofundishwa kwa uaminifu kuliko watu wengi wenye vyeti ukutani.

Chumba chake kilikuwa cha mabati, kimoja, lakini dirisha lake alikuwa amelipanua mwenyewe kwa msumeno ili jua la asubuhi liingie lote. Hakutumia tochi wala taa ya umeme. Alisema taa ya umeme ina rangi yake na inampaka mgonjwa rangi hiyo. Alikukalisha kwenye kigoda uso ukiwa dirishani, akasimama pembeni asikuzuilie mwanga, akasema, "Toa ulimi. Ulaze tu, usiuvute. Hufukuzi mbwa." Alitazama kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, akakuambia uurudishe, kwa sababu ulimi ukikaa nje sana unabadilika rangi wenyewe. Ukutani alikuwa amebandika kadi ya rangi, ile ya duka la vifaa vya ujenzi ambayo watu huchagulia rangi za nyumba. Alikuwa akiilinganisha na ndimi. Mama mmoja aliwahi kuambiwa ana ulimi wa rangi ya sebule akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Shida yake kubwa ilikuwa adabu yetu. Watu wa huku hawaendi kumwona mtu wakiwa na mdomo mchafu. Ukisikia kwamba kesho mtu atakutazama kinywa, unafanya nini? Unausugua. Walisugua kwa mswaki, wengine kwa jani la mpera, mzee mmoja kwa mkaa uliotwangwa. Walifika mbele ya lile dirisha na ndimi safi kama za watoto wa juzi, wakitabasamu, na Mkalimani alishika kiuno.

"Nyinyi mnakuja kwangu kama mnaenda kupiga picha ya kitambulisho!"

"Lakini Mkalimani, ni heshima."

"Heshima gani? Utando ndio masizi ya sufuria. Ukisugua sufuria kabla sijaiona, nitajuaje kama ulipikia kuni au makaa?"

Ndiyo maana kila alipomaliza kumtazama mtu, kabla ya kusema neno lolote, aliuliza swali moja lile lile: "Umeusugua?" Liweke swali hilo akilini. Alituuliza sote.

Msimu wa jamna, zile zambarau ndogo nyeusi, alikasirika kuanzia asubuhi mpaka jioni. Siku moja nilikuwa kwake mama mmoja alipoingia akikimbia na binti yake wa miaka sita, analia, "Mkalimani, damu ya mtoto imesimama! Ulimi umekuwa wa buluu!" Mkalimani akaminya mashavu ya mtoto, akanusa, akamwachilia. "Mama, hii si damu. Huyu ametoka kwenye mti wa watu." Mtoto akaanza kulia kwa sauti kuliko mama yake. Pia alipambana na odowa, ule udongo laini ambao wajawazito hununua sokoni na kuutafuna, kwani unaacha unga mweupe juu ya ulimi unaofanana kabisa na ugonjwa. Alikuwa akiwahubiria akina mama kuhusu odowa huku kipande chake mwenyewe kikiwa mfukoni mwa aproni. Nilikiona mara nyingi. Nilipomtania alisema, "Mimi nani ataniangalia?"

Na kweli, hakuna aliyewahi kuuona ulimi wake. Akicheka aliziba mdomo kwa kiganja. Aliwakataza watu chai kabla ya kuonwa, naye alikunywa chai ya rangi kutoka alfajiri, kikombe baada ya kikombe. Alifoka ukimwita daktari, lakini nyuma ya mlango alitundika koti jeupe la daktari, alilipiga pasi kila Jumatatu, na sikumwona akilivaa hata siku moja.

Koti lilikuwa la Mchina. Hapo ndipo jina lilipotoka. Mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa, palikuwa na daktari Mchina mzee aliyetibu kwa sindano nyembamba na mizizi ya kuchemsha. Mkalimani aliajiriwa hapo kufagia. Mchina alijua Kiingereza cha kuhesabika, na wagonjwa walikuja na Kijaluo, Kiluhya na Kiswahili, vyote alivyovijua mfagiaji. Basi akaitwa aache fagio asimame kati yao, atafsiri. Alisimama hapo miaka kumi na moja. Mchina alipozidi kuzeeka akarudi kwao, aliacha koti, mitungi mitupu, na mwanamke ambaye alikuwa ametafsiri ndimi nyingi mpaka akajua kuzitazama.

Nilipenda kumsikiliza akieleza alivyoyatafutia maneno ya Mchina mifano ya huku kwetu. Daktari alikuwa akisema mgonjwa ana unyevu ndani. Ukimwambia mtu wa kando ya ziwa ana unyevu, atakuuliza nani hana. Kwa hiyo Mkalimani alisema, "Daktari anasema tumbo lako ni kama mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka." Kila mtu alielewa. Daktari akisema mgonjwa ana joto, watu walidhani ni malaria. Mkalimani akasema, "Si homa. Ni kama sufuria iliyosahaulika motoni, maji yakaisha." Mimi nimefundisha watoto miaka ishirini na mitatu, na bado naona wivu kwa mifano hiyo.

Alikuwa na sheria moja ya ukalimani ambayo hakuivunja. Alifikisha alichosema mtu, kama alivyosema, hata kama anajua ni uongo. Alinisimulia juu ya bibi mmoja aliyekuwa akimwambia Mchina kwamba anakunywa dawa kila siku, na huku chini kwenye ngazi alikuwa amemwambia Mkalimani kwamba dawa ile chungu alimpa ng'ombe.

"Na ukamwambia daktari?"

"Nilimwambia, 'Anasema anakunywa kila siku.'"

"Lakini ulijua!"

"Mwalimu, sikiliza. Mgonjwa anaweza kudanganya. Daktari anaweza kudanganya. Mkalimani akianza kusahihisha, amekuwa mwongo wa tatu, na huyo ndiye mbaya zaidi kwa sababu hakuna anayemwona."

Alilisema hilo kwa kujivuna. Nami nililipokea kama jambo zuri, nikalirudia kwa walimu wenzangu.

Aliibeba sheria hiyo hadi kwenye kazi yake mwenyewe, ingawa sasa hapakuwa na daktari wa kumfikishia chochote. Hakumwambia mtu yeyote usoni kwamba amedanganya. Alikuwa na njia za kuzunguka. Dereva mmoja wa lori la samaki aliapa mbele yetu kwamba pombe ya chang'aa aliiacha tangu Krismasi, na ulimi wake ulikuwa mwekundu kama pilipili. Mkalimani akautazama mpaka kumi, akasema, "Sawa, Bwana. Basi ulichokiacha hakijakuacha. Kiambie kinywe maji mengi." Benchi zima likacheka, dereva naye akacheka, na heshima yake ikabaki nzima. Huo ulikuwa ufundi wake. Nimekuja kufikiri kwamba pia ulikuwa udhaifu wake, lakini sina haki ya kuwa wa kwanza kuusema.

Usidhani alijifanya kutibu kila kitu. Alitoa majani ya kuchemsha kwa gesi na kukosa usingizi, basi. Kwa mengine alisema, "Mimi ni kibao cha barabarani. Kibao kinakuonyesha mji, hakikubebi." Akiona utando mweusi, au ulimi uliopauka kama karatasi, alisema, "Nenda hospitali leo. Si kesho, leo." Na watu walienda! Watu waliokuwa wamekataa kusikia manesi, waume zao na wachungaji wao, walitoka kwenye kile kigoda wakaelekea hospitali na leso begani. Ndiyo sababu nasema kazi yake ilikuwa na maana hata kama ulimi hausemi lolote. Kulikuwa na watu ambao kinywa chake pekee ndicho kilichowafikisha mlangoni kwa daktari.

Mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu.

Mama alikuja kuishi nasi baada ya kuacha biashara ya samaki wa kukaushwa. Alikuwa mwanamke mkubwa, mcheshi, aliyeniita Nyar Sakwa, yaani binti wa Sakwa, jinsi wake wanavyoitwa huku kwa mahali walikotoka. Hospitali aliichukia kwa sababu baba mkwe aliingia wodini akitembea na akatoka amebebwa. Tumbo lilipoanza kumsumbua, mume wangu alimsihi, mimi nikamsihi, naye alijibu, "Mkalimani akisema niende, nitaenda siku hiyo hiyo. Asiposema, msinichoshe." Tulilichukua neno hilo kama ahadi. Mara mbili nilimpeleka dirishani, na mara ya pili Mkalimani aliniita kando: "Utando unazidi. Sijaupenda. Mlete tena wiki ijayo. Ukiendelea hivi nitamwambia."

Wiki hiyo ya kati ndipo wifi yangu alipokuja. Ni dada mkubwa wa mume wangu, ana kibanda cha omena, wale dagaa wa ziwani, pale soko la Otonglo, na hana neno la kuliacha mdomoni. Alimkumbatia mama yake, akarudi nyuma, akasema mbele ya majirani wawili waliokuwa wamekaa na sisi, "Mama ananuka mdomo. Kwani hapa ni nani anamwangalia?"

Mama akasema, "Ni tumbo, wewe."

"Tumbo halipigi mswaki," wifi akasema, akinitazama mimi.

Majirani wakaangalia vikombe vyao. Ukiwa umewahi kuwa mkaza mwana katika nyumba ya mtu, sihitaji kukueleza. Kama hujawahi, nikueleze tu kwamba hakuna sifa inayochukua muda mrefu kujengwa kama ile ya kumtunza mama wa mumeo, na hakuna inayobomolewa haraka hivyo. Wifi akaongeza kwamba safari hii naye angekuja dirishani, ajionee.

Asubuhi ya siku ya kurudi dirishani, Jumamosi, niliamka kabla ya wote. Nilichukua mswaki na magadi kidogo ya kupikia mboga, nikaenda kwa Mama.

"Nyar Sakwa, unaniandaa kwa harusi?"

"Kidogo tu, Mama. Ili tuonekane vizuri."

"Na Mkalimani hukataza."

"Kidogo tu."

Alinitazama. Yeye alikuwa na sababu yake, nami nilikuwa na yangu. Akafumba macho, akatoa ulimi. Niliusugua mpaka ukawa mwekundu, na ule utando wa kahawia ukatoka ukaanguka kwenye beseni, nikaumwaga nje.

Dirishani tulikuwa wanawake wanne. Mama kwenye kigoda, Mkalimani pembeni yake, wifi na mimi nyuma. Mkalimani alitazama mpaka kumi. Halafu, jambo ambalo hakuwa akifanya, akamwambia arudishe ulimi na autoe tena. Akatazama mara ya pili. Akaniuliza mimi, si Mama, "Umeusugua?"

Wifi alikuwa amesimama karibu nami hivi kwamba nilisikia anavyopumua.

"Hapana," nikasema. "Amesukutua maji tu."

Mama hakusema kitu. Mkalimani alinitazama, kisha akasema polepole, "Kwa ninachokiona leo, tumbo limetulia. Lakini nirudishie Mama Jumatatu. Kabla hajagusa maji. Hata maji, Mwalimu."

Sisi tulichukua nusu ya kwanza. Njiani Mama alikuwa akitembea kama msichana. "Si mmesikia? Limetulia!" Wifi alirudi Otonglo ameridhika. Jumatatu ilipofika Mama alikataa kuondoka, akasema mtu haulizwi mara mbili jambo lililojibiwa, na mimi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Sikumlazimisha. Nitakuambia ukweli: nilifurahi kwamba amekataa.

Siku ya Jumanne ya wiki iliyofuata alitapika damu. Hospitalini daktari kijana alituambia kwamba kidonda cha tumbo kilikuwa kimevuja kwa muda mrefu. Nilimuuliza kama ulimi ungeweza kuonyesha. Akasema kwa upole kwamba ulimi ni ulimi tu, mwalimu, lakini mngemleta siku kumi mapema tungekuwa na la kufanya. Siku kumi. Nilihesabu kwa vidole nikiwa nimesimama kwenye ule ukumbi, na nikafika kwenye ile asubuhi ya dirishani.

Msibani, nyumbani kijijini, Mkalimani alikuja na majirani wa Nyalenda. Alikaa chini ya turubai, safu ya tatu. Wifi aliposimama kuongea alilia kwanza, kisha akafuta uso akasema, "Kuna mwanamke anayejiita mjuzi wa kutazama watu midomo. Nilikuwepo. Kwa masikio yangu alimwambia mama yangu, 'Tumbo limetulia.' Siku kumi baadaye alitapika damu, na leo mama yangu amelala hapo. Mimi sina zaidi."

Watu wakageuka. Nilikuwa nimesimama kando nimeshika chupa ya chai, nikimimina vikombe vya wageni. Nilisubiri Mkalimani aseme, "Waliusugua." Neno moja. Hakusema. Aliinamisha kichwa kama mtu anayekubali jambo. Nami nikaendelea kumimina.

Baada ya hapo benchi lake lilikonda. Kwanza walipungua akina mama wenye watoto, halafu wazee. Watoto wa njiani walijifunza kumtolea ulimi akipita. Niliwachapa wawili wa darasa langu kwa jambo hilo, huku nikijua nani alistahili kuchapwa. Mvua za masika zilipoanza nilimwona kupitia dirisha la ofisi ya walimu, mkokoteni mbele, yeye nyuma ameshika koti jeupe kwenye hanga ili lisichafuke. Ningeweza kutoka. Ilikuwa saa ya mapumziko. Nilijiambia nitamtafuta wikendi.

Ikapita miaka minne.

Mwaka jana nilitumwa kusimamia mtihani wa taifa Port Victoria. Siku ya mwisho, karatasi zilipokwisha kufungwa, nilishuka ufukweni kununua omena. Wanawake walikuwa wamezitandaza juu ya nyavu, wanazigeuza. Mmoja akanyanyua kichwa kabla sijamfikia.

"Nyar Sakwa. Umenenepa. Ualimu umekukubali."

"Mkalimani."

"Hapa sina jina hilo. Kaa, usikanyage wavu wa watu."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa na magamba. Tukashikana mikono, tukaulizana habari za watoto na mvua. Kisha nikasema, haraka, kabla woga haujarudi, "Niliusugua. Siku ile. Kwa mswaki na magadi."

"Najua."

"Unajua?"

"Utando hautoki kwa maji, Mwalimu. Ukisuguliwa unaacha mistari, yote inaelekea upande mmoja, kama ua uliofagiliwa asubuhi. Niliiona mara ya kwanza. Mara ya pili nilikuwa nakupa nafasi tu."

Sikuweza kumtazama. "Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya nani? Mbele ya mkweo na wifi yako, nikuambie umenidanganya? Ungelala wapi siku hiyo?" Aligeuza omena kwa kiganja, safu nzima. "Nikafikiri nitawapa Jumatatu. Nilidhani Jumatatu ni mlango wa kutosha. Jumatatu nilikaa tangu alfajiri nikitazama njia. Kutoka kwangu hadi kwenu ni hatua mia mbili. Nilijiambia mwenye mgonjwa ndiye huja. Hamkuja, na mimi sikuja. Kwa hiyo wifi yako aliposimama pale msibani, alikosea sababu tu. Kuhusu mtu hakukosea."

"Hapana. Mimi ndiye—"

"Wewe na mimi, na marehemu naye alinyamaza. Tuliheshimiana sana siku ile."

Nikamwambia nitalisema. Nitamwambia mume wangu, nitamwambia wifi, nitalisema mbele ya watu.

"Mara ya kwanza ulisema hivyo lini?"

"Siku ya mazishi. Moyoni."

Alitikisa kichwa, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira. Kisha akaniambia jambo ambalo nilikuwa sijalijua. Wanawake wa pale ufukweni hupeleka omena Otonglo. Wanampelekea wifi yangu pamoja na wengine. Hadithi ilifika Port Victoria kabla yake. Alikuwa akiishi kwa dada yake, na dada yake ana wajukuu watatu, na kila mmoja wao akipata homa mama yao humwondoa mtoto mikononi mwake, kwa adabu, akisema anakwenda kumlaza.

"Sitaki kurudi kutazama ndimi," alisema. "Hilo limeisha, usinibembeleze. Nataka nikimshika mtoto wa nyumba ile, aachwe mikononi mwangu mpaka mimi mwenyewe nichoke."

Nilitoa simu. Vidole vilikuwa na magamba ya omena na kioo kilikataa mara mbili. Wifi alipokea kwa sauti ya sokoni.

"Nyar Sakwa! Umenunua? Za huko ziko vipi?"

"Wifi, uko na watu?"

"Niko na watu, ni siku ya soko. Akina mama wa Port wako hapa hapa wanapima. Kwani kuna nini?"

"Niweke spika."

"Ati?"

"Niweke spika, tafadhali. Nataka wote wasikie."

Nilisikia mlio wa kidole kwenye kioo, halafu soko lote likaingia sikioni mwangu: mizani, mtu anayecheka, pikipiki. Mkalimani alikuwa ameacha kugeuza omena, lakini hakuninyanyulia uso.

"Asubuhi ile kabla hatujaenda dirishani," nikasema, "niliusugua ulimi wa Mama kwa mswaki. Mkalimani aliponiuliza, nilisema hapana. Alituambia tumrudishe Mama Jumatatu. Sikumrudisha. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu."

Vicheko viliisha. Nilisikia mwanamke mmoja akiuliza, "Ni nani huyo?" na wifi yangu akijibu, mbali kidogo na simu, "Ni mke wa ndugu yangu." Nilipomsikia tena, sauti yake ilikuwa imepasuka, lakini ilikuwa ile ile isiyoacha neno mdomoni.

"Rudia," alisema. "Wa huku nyuma hawajasikia."

Nikarudia.